Mwalimu wa Mikono Mitupu

Kisiwa cha Mvita kimezoea wageni. Tangu zama za kale pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliyarudisha makwao. Mwenye kuzuru Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kando ya Mji wa Kale, huona katika makumbusho yake vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Uchina hiyo hiyo, tangu mwaka 1372, ilipokea pia wajumbe na wafanyabiashara wa dola ndogo ya visiwani iliyoitwa Ryukyu, ambayo kisiwa chake kikubwa ni Okinawa. Mvita na Okinawa hazikujuana, lakini zote mbili zilipata riziki yake baharini, na zote mbili zilitamaniwa na wenye nguvu.

Watu wa pwani yetu wana kirumbizi, mchezo wa fimbo uchezwao kwa zumari na ngoma siku za harusi na sherehe. Wanaume wawili huingia uwanjani, mmoja hupiga na mwenziwe hukinga, na watazamaji husifu ustadi wao. Watu wa Okinawa nao walikuwa na mchezo wao, ambao leo hufundishwa hata Mombasa. Mchezo huo ni karate.

Mwaka 1609 watu wa Satsuma kutoka Japani waliishambulia Ryukyu na kuishinda. Mfalme aliachiwa kiti chake, lakini amri haikuwa yake tena. Husimuliwa mara nyingi kwamba wakulima walionyang'anywa silaha ndio waliobuni karate ili wajilinde. Hadithi hiyo ni tamu, ila si kamili. Mabingwa wengi tunaowajua walikuwa watu wa nyumba za heshima, na elimu yao ilichanganya mapigano ya kienyeji na mafunzo yaliyotoka Uchina. Waliifundisha kwa siri, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache. Mwaka 1879 Japani iliifuta dola ya Ryukyu kabisa.

Katika zama hizo za mageuzi alikua mtoto mmoja, jina lake Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa dhaifu hata jamaa zake wakadhani hataishi. Shuleni alifanya urafiki na mwana wa bingwa aitwaye Anko Azato, na kwa njia hiyo akaingia katika mafunzo. Usiku alishika njia na taa mkononi mpaka nyumbani kwa mwalimu, na uani akarudia mfululizo mmoja wa mapigo na vikingo, uitwao kata, kwa majuma na miezi. Azato hakumruhusu kwenda mbele mpaka ule wa kwanza uwe umekaa mwilini. Kijana alichoka na kuona haya, lakini alirudi kila usiku, na afya yake ikaimarika.

Alitaka kuwa tabibu. Alifaulu mtihani, lakini sheria mpya haikuwaruhusu wenye kufuga shungi la nywele kuingia chuoni, na jamaa zake waliliheshimu shungi kama alama ya ukoo. Hakuendelea. Mwaka 1888 alipata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, akalikata shungi lake, na wazazi wake wakahuzunika sana. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Wakati huo mwalimu wake wa pili, Anko Itosu, aliitoa karate sirini: mwaka 1901 ilianza kufundishwa shuleni, iwe mazoezi ya viungo kwa watoto wote.

Mwaka 1922 Funakoshi alitumwa Tokyo kuionyesha karate katika maonyesho ya elimu ya viungo. Alikuwa na umri wa miaka 53. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alimwalika katika ukumbi wake, na wengine wakamsihi asiondoke. Akabaki, mkewe akiwa Okinawa. Hakuwa na fedha. Alipata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, na mchana alifagia ua na kusafisha vyumba. Alimfundisha mpishi wa bweni karate ili apunguziwe bei ya chakula. Jioni, mtu yule yule aliyeshika fagio aliitwa mwalimu.

Zamani neno karate liliandikwa kwa alama yenye maana ya Uchina. Funakoshi alitumia alama nyingine yenye sauti ile ile, lakini maana yake ni tupu: mikono isiyo na silaha, na moyo usio na tamaa mbaya. Yafaa kukumbuka pia kwamba miaka hiyo Japani ilikuwa na uadui na Uchina, na jina la Kichina halikupendwa.

Hapa msomaji atauliza swali gumu. Funakoshi alifundisha kwamba mwana karate hatangulii kupiga. Nchi yake ilitangulia kupiga, na vijana aliowafundisha walikwenda vitani, wengi wasirudi. Mwaka 1945 ukumbi wake uliteketezwa na mabomu, mwanawe Gigo, aliyekuwa msaidizi wake mkuu, alifariki kwa maradhi, na Okinawa ikawa uwanja wa vita vilivyoua watu zaidi ya 200,000. Miaka miwili baadaye mkewe naye alifariki. Mafunzo ya mtu mmoja hayakuizuia dola. Mwalimu aweza kuutawala mkono wake na kuwaonyesha wengine njia. Kuifuata au kuiacha ni juu yao. Funakoshi hakuacha kuionyesha. Wanafunzi waliosalia walimrudia, naye alifundisha mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 88.

Mwaka 2021 karate ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, nayo ilifanyika Tokyo. Lakini medali si kipimo cha safari yake. Kijana anayeingia ukumbini kwa nia ya kujua namna ya kumwangusha mwenziwe ataambiwa kwanza ainamishe kichwa kumheshimu, kisha arudie pigo moja mara nyingi. Wachezaji wa kirumbizi wanaijua elimu hiyo: fimbo i mkononi, lakini anayesifiwa ni yule aizuiaye isidhuru. Mkono wa kupiga kila mtu anao. Kuuzuia ndiko kunakotaka umri mzima.