Tan Kah Kee na Elimu ya Wachina wa Singapore

Tan Kah Kee (1874–1961) alikuwa mfanyabiashara wa Singapore aliyetumia sehemu kubwa ya mali yake kusomesha watoto wa Wachina waliohamia ng'ambo na wa kwao Fujian, nchini China. Alizaliwa Jimei, karibu na Xiamen, akafika Singapore mwaka 1890 kufanya kazi katika duka la mchele la baba yake. Biashara ya baba ilipoanguka, alianza upya na kiwanda cha mananasi ya makopo. Mwaka 1906 alipanda miti ya mpira katikati ya mananasi, na mpira ndio uliomtajirisha.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilishughulikia zaidi shule za Kiingereza na za Kimalay. Shule za Kichina zilitegemea michango ya Wachina wenyewe. Nao walikuwa wamegawanyika kwa lahaja: Wahokkien, Wateochew, Wakantoni, Wahakka na Wahainan, kila kundi na chama chake na shule zake. Tan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya Tao Nan, iliyofunguliwa na Wahokkien mwaka 1906. Mwanzoni walimu walifundisha kwa Kihokkien. Mwaka 1916 shule hiyo ilihamia Kimandarini, yaani Kichina sanifu, hatua nzito, kwa kuwa mtoto wa Kikantoni na wa Kihokkien sasa wangeweza kumfuata mwalimu mmoja.

Pengo kubwa lilikuwa baada ya shule ya msingi: aliyetaka kuendelea kwa Kichina alilazimika kusafiri hadi China. Tan alizihimiza jamii za lahaja mbalimbali kuchanga pamoja, na Chinese High School ikafunguliwa Machi 1919. Mwaka uliofuata serikali ilitunga sheria ya kuandikisha shule na walimu wote, ikiwa na mamlaka ya kuzifunga, kwa kuhofia siasa za China madarasani. Shule za Kichina ziliendelea chini ya jicho hilo.

Huko Jimei koo zilizohasimiana kila moja ilikuwa na kishule chake. Tan alizishawishi ziungane, akanunua bwawa la samaki, akalifukia, na juu yake ikajengwa shule ya msingi iliyoanza mwaka 1913. Mwaka 1921 alianzisha Chuo Kikuu cha Xiamen, akiahidi dola milioni 4: milioni 1 za kuanzia, na 3 za uendeshaji kwa miaka 12.

Mtihani wake mkubwa ulikuja bei ya mpira ilipoporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia. Kampuni yake ilielemewa na madeni ya benki, hata ikafungwa mwaka 1934, lakini hakukubali kuacha kukigharamia chuo hicho. Alikikabidhi kwa serikali ya China mwaka 1937, akiwa hana tena uwezo wa kukibeba. Hapo ndipo moyo wake unapoonekana wazi kuliko katika miaka ya neema.

Waliojifunza biashara chini yake waliendeleza kazi yake ya kugharamia elimu. Mkwewe Lee Kong Chian aliunda mfuko wa hisani wa Lee Foundation mwaka 1952. Tan Lark Sye, aliyewahi kuwa mfanyakazi wake, alitoa dola milioni 5 kuanzisha Chuo Kikuu cha Nanyang, ambacho madereva wa teksi na waendesha baiskeli za abiria pia walikichangia mapato ya kutwa.