Programu Inayobofya Badala ya Mtu

Mwaka 2004, mjini Chicago, Marekani, Bwana Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alichoka kubofya kwa mkono kurasa zile zile za programu ya saa za kazi na gharama, kila ilipobadilishwa. Akatunga Selenium, ibofye badala ya mtu. Lakini kivinjari hukataza maandishi ya tovuti moja kugusa kurasa za nyingine. Basi majaribio ilibidi yakae katika seva ile ile ya programu inayojaribiwa. Ukurasa ukielekeza tovuti nyingine, jaribio lilikwama njiani. Taabu hiyo! Bwana Simon Stewart akaleta WebDriver, inayokiamuru kivinjari kutoka nje. Kazi hizo mbili ziliunganishwa, na mwaka 2018 shirika la W3C likaipitisha WebDriver kuwa kanuni rasmi.