Kujadili Picha ya Mwanafunzi: Kutoka Makerere hadi Njukini

Uwe mwalimu wa Kiswahili au mtahiniwa, huenda ukadhani kwamba kuhakiki picha iliyochorwa na mwanafunzi ni kazi ya mwalimu mwingine. Historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inakanusha hayo. Uchoraji ulipoanza kufundishwa Makerere, picha ilitanguliwa na masimulizi.

Mwaka wa 1937 Margaret Trowell alianzisha darasa la sanaa barazani mwa nyumba yake, Kampala. Alizoea kuwasimulia wanafunzi tukio fulani, nao wakalijenga akilini kabla ya kushika brashi. Mbinu hiyo aliipata kwa mwalimu wake wa London, Marion Richardson. Kufikia 1939 kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimeonyeshwa London, na darasa lile likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere.

Hapo ndipo lilipozuka swali linalotuhusu sisi wahakiki: kazi ya mwanafunzi ipimwe kwa kipimo cha nani? Trowell alichelea kuwajaza vijana sanaa ya Ulaya, asije akawapotezea jicho lao. Cecil Todd, aliyempokea mwaka wa 1958, aliifundisha historia ya sanaa hiyo waziwazi. Mimi naona Todd alikuwa na hoja, kwani kumnyima mtu maarifa si kumlinda. Isitoshe, hata hadhari ya Trowell ilimwacha yeye mwenyewe akiwa mwamuzi wa kipi ni cha Kiafrika. Wanafunzi hawakuulizwa.

Jibu zuri zaidi lilitoka kwa mwanafunzi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora mwaka wa 1959 picha za ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, akayaweka maisha ya Yesu katika mandhari ya Wagikuyu. Mwaka wa 1965 akashiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. (Jina hilo tu ni somo zima la vitawe na maana: paa mnyama, paa kuruka juu.)

Marangu haiko mbali na Njukini. Mpaka tu ndio unaotutenga. Basi hebu tuulete mjadala huu nyumbani. Tuseme umewapa wanafunzi wa Njukini kazi ya kuuchora Mlima Kilimanjaro. Mmoja anakuletea kuba moja laini ya theluji, kama ile ya kwenye kalenda. Lakini Njukini iko mashariki ya mlima, na kilele kilicho karibu nasi ni Mawenzi, chenye majabali yaliyochongoka, mita 5,149, si Kibo.

Usianze kwa kuuliza kama picha ni nzuri. Swali hilo huzaa kicheko au sifa za bure, na aliyechekwa mara moja aghalabu hukunja karatasi yake asiifunue tena, iwe ni ya picha au ya shairi. Uliza kwanza: mnaona nini? Kila msemaji aonyeshe kwa kidole mahali anapopazungumzia, jinsi anavyotakiwa kurejelea matini anapojibu swali la riwaya. Mchoraji anyamaze kwanza asikilize, kisha apewe nafasi ya kujibu. Yaliyomo yakishatajwa, ndipo mhamie kwenye fani: mistari, rangi, nafasi iliyoachwa tupu. Alama za nambari zije mwisho, na heri zaidi zisipokuja kabisa, maana rafiki humpa rafiki tisa kwa kumi na hasimu humpa tatu.

Hapo mmoja atasema, "Mlima huu si wetu." Huo ni uhakiki halisi, kwa kuwa kipimo kimetoka dirishani mwa darasa lenyewe. Hata hivyo, usiufunge mjadala. Huenda mchoraji alilelewa upande wa Amboseli, ambako Kibo ndicho kinachotawala macho. Mwulize alikuwa amesimama wapi.