Wakili wa Askari

Hatta ni sehemu ya Dubai, ila mtu akikushusha hapa bila kukuambia hutakisia. Ni kama kilomita 130 kutoka mjini, ndani ya milima ya Hajar, na ukitembea kidogo tu umefika mpaka wa Oman. Ngome yake ni ya mwaka 1896. Ile minara miwili ya ulinzi juu ya vilima ni ya miaka ya 1880. Mimi ni meja mstaafu wa Tanzania, kazi yangu ilikuwa sheria za jeshi, na nimekuja kukaa na binti yangu aliyeolewa huku. Wenzangu wanapiga picha ya minara. Mimi nauliza aliyelala zamuni humo alihukumiwa na nani.

Enzi hizo pwani hii haikuwa na jeshi la mshahara. Mlinzi alikuwa mtu wa mtawala, na mashauri yaliishia kwa mtawala au kwa kadhi. Mwaka 1951 Waingereza wakaunda kikosi huko Sharjah, Trucial Oman Levies, ambacho mwaka 1956 kilibadilishwa jina kuwa Trucial Oman Scouts. Mwanzo wake haukuwa shwari. Askari wengine waliletwa harakaharaka kutoka Aden, na Novemba 1953, upande wa oasisi ya Buraimi, Meja Otto Thwaites akapigwa risasi na askari wa kikosi chake mwenyewe. Wale wa Aden wakaachishwa kazi.

Nilipoisoma habari hiyo niliona maofisa ninaowajua. Ndio hao hao waliowaongoza babu zetu katika King's African Rifles, iliyoundwa mwaka 1902, na utaratibu wa nidhamu ni ule ule. Kosa dogo linakwisha mezani kwa kamanda. Mshitakiwa ameshavuliwa kofia na mkanda mlangoni. Anaingizwa kwa mwendo wa kwata, katikati ya wasindikizaji wawili, na sajini-meja ananguruma amri ndani ya chumba kidogo kana kwamba yuko uwanja wa gwaride. Anasomewa shitaka. Anaulizwa kama ana la kusema, na mara nyingi hana, kwa sababu hajui kipi kitamsaidia na kipi kitamzamisha. Askari wa Uingereza walifutiwa bakora mwaka 1881. Askari wetu waliendelea kuchapwa kiboko mpaka enzi za Vita ya Pili ya Dunia, na kisheria kabisa.

Kosa kubwa lilikwenda mahakama ya kijeshi. Maofisa ndio majaji, na mtetezi ni ofisa mwingine, huenda wa kikosi hicho hicho, anayekula meza moja na aliyeshitaki. Wapo waliotetea kwa moyo, sikatai. Lakini kesi ikiisha mtetezi alirudi chini ya kamanda yule yule, na mkono uliotia saini hati ya mashitaka ndio ulioandika kama anafaa kupandishwa cheo.

Kisha ikaja 1964. Usiku wa kuamkia Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakawanyang'anya silaha, kwa ombi la Serikali ya Mwalimu Nyerere. Waliotajwa kuwa vinara walifikishwa mahakamani, na Sajini Francis Hingo Ilogi akapata miaka 15, wengine pungufu ya hapo. Kwa uasi! Katika majeshi mengine wangenyongwa. Serikali ilisema wazi kuwa adhabu ni ndogo, lakini hukumu haikuiingilia. Katika historia yote ya kazi yetu, hilo ndilo tukio ninalolithamini kuliko mengine. Tena angalia miaka: Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wanafunzi wake wa kwanza wakamaliza 1964. Nchi ilikuwa inawahukumu askari wake wakati wanasheria wa kwanza kusomeshwa nyumbani ndio kwanza wanatoka darasani.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa Septemba 1 mwaka huo huo wa 1964. Watu hudhani sheria yake tulimrithi Mwingereza, sivyo. Wakanada walikuwa wakitusaidia kijeshi kati ya 1965 na 1970, na Sheria yetu ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 ina jina lile lile la sheria yao ya 1950.

Kenya walijifunza kwa uchungu zaidi. Baada ya jaribio la kupindua serikali la Agosti 1, 1982, mahakama za kijeshi zilifanya kazi kwa kasi, na hata Meja Jenerali Peter Kariuki, mkuu wa Jeshi la Anga, alifungwa miaka minne. Uganda nako, Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Hukumu ile inafaa isomwe na kila luteni, maana inauliza swali la tangu enzi za KAR: anayehukumu anaweza kumkatalia aliyemteua?

Hapa Hatta nimekutana na kijana wa Tanga, mlinzi wa usiku, mwenye shahada ya sheria ndani ya begi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akataka kujua njia ya kuwa wakili wa jeshi. Nikamwambia ilivyo: baada ya shahada apite Law School of Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, aapishwe kuwa wakili, kisha akikubaliwa jeshini, aende chuo cha maofisa cha Monduli, akimbie na begi mgongoni kama kuruta mwingine yeyote.

"Kwa nini nisianze na jeshi, mzee, halafu uwakili?"

"Wapo waliofanya hivyo. Lakini uwakili anakuapisha Jaji Mkuu, na kamanda hawezi kukuvua. Siku akikuamuru uandike ushauri anaoutaka yeye, utaujua umuhimu wake."

Akanyamaza, kisha akauliza mshahara wa luteni usu. Badala ya kumjibu nilimwuliza umri wake, kwa sababu matangazo ya kuandikisha yana kikomo, na mkataba wake wa ulinzi bado haujaisha.