Kuamka, Kuamsha na Kuamshwa: Safari ya Maneno Kutoka kwa Jogoo Hadi kwa Simu

Kila chombo kipya kiingiapo nchini huja na maneno yake, na kazi ya mwenye kushughulika na istilahi ni kuuliza kwanza kama lugha yetu haikuwa na maneno hayo tangu zamani. Makala haya yanachunguza chombo kimoja cha namna hiyo, yaani programu ya simu ya mkononi ambayo hufuatilia mijongeo ya mtu alalapo, kisha humwamsha taratibu wakati usingizi wake umekuwa mwepesi. Programu hizo zilianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo yeyote mwenye simu janja aweza kuipata, awe London au awe Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu.

Hoja yetu ni hii: Kiswahili kina utajiri wa maneno ya usingizi na kuamka, lakini wengi miongoni mwetu wenye kalamu tumeyapeleka maneno hayo mikutanoni na maofisini, tukamwachia mlalaji machache mno. Gharama ya usahaulifu huo humwangukia zaidi mtu wa zamu ya usiku.

Ukoo wa neno amka

Tuanze na ukoo wenyewe. Kutokana na kitenzi amka tumepata amsha, amshwa, amkia na maamkizi. Ndugu msomaji atatambua kwamba kuamkia ni kusalimu. Wahenga wetu waliona kuwa mtu akiamka, tendo lake la kwanza ni kumwendea mwenzake na kumjulia hali. Hata leo tunaulizana, “Umeamkaje?” Tena lipo neno chamshakinywa, ambalo leo wengi husema kiamshakinywa: chakula cha kwanza cha siku, kiuamshacho mdomo baada ya usiku.

Katika karne ya ishirini ukoo huu uliajiriwa kwa kazi nyingine. Uamsho wa Wakristo ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea hata Bukoba, ulilichukua neno uamsho likawa la imani. Harakati za kudai uhuru, na baadaye siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zilizoea kusema juu ya mwamko wa wananchi. Neno zinduka, ambalo maana yake moja ni kuamka ghafula au kurudiwa na fahamu, linaishi jirani na uzinduzi. Siku hizi asikiaye uzinduzi hafikirii kitanda, hufikiria utepe na mkasi.

Hatulaumu. Lugha hukua kwa kuazima maana kutoka nyumbani na kuipeleka barazani. Ila mfasiri akutanapo na maelezo ya chombo cha kuamshia watu, hujikuta anakwepa uamsho kwa kuogopa kueleweka vibaya, anakwepa uzinduzi kwa sababu hiyo hiyo, na mwisho huandika alamu.

Jogoo, adhana na daku

Zamani saa ya kuamka ilikuwa na majina yaliyotokana na viumbe na ibada. Watu walisema majogoo, yaani wakati jogoo wanapowika. Walisema alfajiri, wakati wa adhana ambamo Waislamu wengi hukumbushwa kuwa sala ni bora kuliko usingizi. Aliyeamka mapema sana alisemwa amerauka au amedamka, na aliyepitisha usiku bila kulala amekesha. Katika mwezi wa Ramadhani, watu wa visiwani na wa mwambao huamshana kwa ngoma zipigwazo mitaani ili wale daku kabla ya alfajiri.

Katika mifano hii mwamshaji ni kiumbe ajulikanaye. Hata methali yetu, “Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe,” huchukulia kuwa kuamsha ni tendo la mtu kwa mtu, lenye hatari na wajibu wake. Amwamshaye mwenziwe huchagua namna. Aweza kumwita kwa jina, kumgusa bega au kumtikisa, na akimwona amezama katika usingizi wa pono huongeza nguvu kidogo kidogo. Wataalamu wa simu wanaposema wamevumbua njia ya kumwamsha mtu taratibu, wanarudia lile ambalo mama yeyote hufanya kwa mwanawe.

Kengele na king'ora

Saa iamshayo ilikuja baadaye. Husimuliwa kwamba mwaka 1787 Levi Hutchins, fundi saa wa Marekani, alijitengenezea saa iliyolia wakati mmoja tu, saa kumi alfajiri. Mwaka 1847 Antoine Redier wa Ufaransa alipata hataza ya saa ambayo mtu aliweza kuitegesha kwa wakati autakao. Nchini Uingereza, katika miji ya viwanda, walikuwako watu waliolipwa ili wapite mitaani alfajiri wakigonga madirisha kwa fito ndefu. Kiwanda hakikungoja jogoo.

Kwetu mabadiliko hayo yaliingia pamoja na shule, shamba la mkonge, reli na mgodi. Chombo kilichojulikana sana kilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma. Watu walikiita kengele, jina la chombo kingine, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ile ile. Baadaye kikaja king'ora. Saa za mezani zilipoingia majumbani, zikaitwa saa za kengele, na kitendo cha kuziandaa kikaitwa kutega au kutegesha, kama mtu ategavyo mtego. Sitiari hiyo ni ya haki, kwani mtu hujitegea mwenyewe usiku na kunaswa asubuhi.

Hapo maana ya kuamshwa ilibadilika. Kengele haimwoni mlalaji. Hulia vilevile kwa aliye katika lepe la usingizi na kwa aliyezama kabisa. Neno kamsa, ambalo katika Kiswahili ni ukelele wa kuomba msaada katika hatari, lingefaa sana kwa sauti hiyo, maana inamwamsha mtu kana kwamba nyumba inaungua.

Simu ilalayo na mwenyewe

Sasa tuitazame programu yenyewe. Ndani ya simu mna kifaa kidogo kipimacho mchapuko, yaani badiliko la kasi. Simu ikiwekwa godoroni, kifaa hicho hutambua mlalaji anapojigeuza. Programu nyingine hutumia kinasasauti cha simu na kusikiliza pumzi na mikwaruzo ya shuka. Mtumiaji hutaja kipindi, tuseme kati ya saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu alfajiri. Programu ikiona dalili za mijongeo mingi ndani ya kipindi hicho, hudhani kuwa usingizi umekuwa mwepesi, nayo huanza kutoa sauti ndogo inayopanda polepole.

Msingi wa jambo hili ni wa kitaalamu. Mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alitangaza namna ya kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope, nacho kikahusishwa na ndoto. Tangu hapo ilijulikana wazi zaidi kuwa usingizi una hatua zinazofuatana na kurudiarudia usiku kucha. Lakini mfasiri asiahidi kupita kiasi. Simu hupima mijongeo, haipimi ubongo. Mtu aweza kutulia ilhali yu macho, na wawili wakilala kitanda kimoja simu huweza kumhesabia mmoja kugaagaa kwa mwingine. Kwa hiyo kuandika kwamba programu “inajua” hatua ya usingizi ni kukosea. Afadhali tuseme “inakadiria”.

Upimaji wa usingizi kwa mijongeo umekwisha kufanyika hapa Tanzania, tena kwa madhumuni ya elimu. Mwaka 2017 watafiti, miongoni mwao David Samson na Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha matokeo ya kuwavisha Wahadzabe 33 vifaa vya mkononi kwa siku zipatazo 20. Waligundua kuwa katika muda wote huo dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu kila wakati alikuwako aliye macho au asinziaye. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2015 Wahadzabe walilinganishwa na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Waandishi wake walieleza kuwa lugha za Wasan na Watsimane hazikuwa na neno la maradhi ya kukosa usingizi. Kwa mtu wa istilahi hilo ni funzo: neno hufuata haja, na mahali pasipo na haja neno halizaliwi.

Haja ya Bugarama

Je, Bugarama pana haja? Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, ni wa chini ya ardhi, na shimo lake kuu lina kina kinachozidi mita 1000. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kwa jua: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Huko chini hakuna jua wala jogoo. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hulala mchana, wakati watoto wanacheza na mashine za kusaga zinanguruma, na huamka machweo wakati wenziwe wanakaribia kulala. Mwili wake humvuta upande mmoja na ratiba upande mwingine.

Mtu wa namna hiyo husoma matangazo ya usalama, na tangazo huwa na thamani kadiri ya neno lake. Kuchoka na kusinzia ni mambo mawili. Aliyebeba mawe amechoka, lakini huenda macho yake ni makavu kabisa. Aliyekaa kwenye usukani saa tisa usiku huenda hajachoka, ila lepe limemshika. Wa tatu ni yule aliyekurupushwa kutoka katika usingizi mzito. Miguu imeamka, akili bado, na hali hiyo yaweza kudumu nusu saa na zaidi. Watu humwita mtu huyo “amelewa usingizi”, na wamesema kweli, kwani hapaswi kushika usukani mpaka ulevi huo umtoke. Tafsiri inayowaweka wote watatu chini ya neno uchovu haimkingi yeyote. Mbaya zaidi ni ile iandikwayo katika barua za adhabu, uzembe, ambayo hugeuza hali ya mwili kuwa kosa la tabia.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo machache ili yajadiliwe. Kiamshi kiwe chombo chochote cha kuamshia, kwa kufuata muundo wa kiyeyushi. Kuamsha taratibu kutumike badala ya “kuamsha kwa upole”, kwa kuwa upole ni tabia ya mtu, na mashine haina tabia. Usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto vitaje hatua za usingizi. Kujigeuza kuwe mjongeo wa kawaida wa mlalaji, na kugaagaa kuwe mahangaiko ya aliyekosa usingizi. Ulevi wa usingizi uwe ile hali ya akili kuchelewa baada ya kuamshwa ghafula. Lepe na kusinzia virudishwe katika matangazo ya kazini, kila kimoja kwa maana yake.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi walioko Shinyanga, Kahama na Geita watuletee maneno wanayoyasikia kwa Wasukuma na Wasumbwa kuhusu usingizi wa mchana, usingizi mwepesi na kuamka bila kuamshwa. Migodi imekusanya watu wa makabila mengi katika zamu moja, na yumkini wamekwisha kutunga wenyewe neno ambalo sisi bado tunalitafuta vitabuni. Likipatikana, liandikwe kwanza pale getini, mahali ambapo aingiaye kazini usiku ataliona.