Kitale Inahesabu Nani?

Juzi niliweka video fupi ya soko la Kitale siku ya Jumamosi. Kelele, vumbi, mahindi, mitumba, kila kitu. Jamaa mmoja akaandika chini yake: wewe ni mtu wa Bungoma, rudi kwenu, Kitale ina wenyewe. Sikumjibu. Lakini hiyo maneno ilinikaa kichwani, nikakesha nikisoma takwimu za sensa, kitu sikuwahi kufanya hata nikiwa chuo. (Ndiyo, niliacha mwaka wa pili. Wacheni kuniuliza.)

Basi tuangalie namba. Sensa ya 2009 ilipata watu 106,187 mjini Kitale. Ya 2019 ikapata 162,174. Yaani kwa miaka kumi mji umeongeza karibu watu 56,000, zaidi ya nusu ya wale waliokuwepo. Wakati huo huo kaunti nzima ya Trans Nzoia ilitoka 818,757 hadi 990,341, kama asilimia 21 hivi. Hata ukisema mipaka ya mji huchorwa upya, bado hao watu wote hawakuzaliwa Kitale. Kuna mahali walitoka.

Wengine walitoka Bungoma, sitakataa. Bungoma ni mambo ya kushangaza kidogo. Kaunti ina watu 1,670,570 lakini mji wenyewe wa Bungoma una kama 68,000 tu. Watu wako mashambani, 552 kwa kila kilomita mraba, wakati wastani wa Kenya nzima ni 82. Ukifika huko utaona kwa macho. Shamba la babu liligawiwa wana, wana wakagawia wana wao, mpaka kijana wa rika langu anaonyeshwa mistari michache ya mahindi na kuambiwa hii ndiyo yako. Huyo kijana atafanya nini? Anapanda matatu, anapitia Kamukuywa, anashuka Kitale stendi.

Lakini hii safari ni ya zamani kuliko matatu. Wazungu walianzisha Kitale mwaka wa 1908. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 ukawapa wanajeshi wastaafu wa Kizungu mashamba makubwa huku, na 1926 reli ikafika kutoka upande wa Eldoret ili mahindi yatoke. Ardhi haikuwa tupu. Wasabaot walikuwa wakilisha mifugo kwenye hizo nyanda, wakasukumwa kuelekea mlimani, Elgon, na hilo dai la ardhi wamelibeba hadi leo. Kama kuna mtu ana haki ya kuuliza wageni ni akina nani, ni wao, si huyo jamaa wangu wa komenti ambaye nina uhakika nyanya yake pia alishuka kwa lori na sufuria mbili.

Mashamba yakataka mikono. Wabukusu wakaja, na makabila mengine pia, wakakaa kwa Mzungu kama maskwota. Sheria ya 1918 ilisema skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndiyo aruhusiwe kuishi na kulima kipande chake. Baba ya kuka wangu alikuwa mmoja wao.

Sasa hapa ndipo nilishtuka. Sensa ya kwanza ya kuhesabu Waafrika wote Kenya ilifanywa 1948. Elfu moja mia tisa arobaini na nane! Zile za 1921, 1926 na 1931 zilihesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu, basi. Serikali ilijua idadi ya vibanda kwa sababu ya kodi, na ilijua wanaume kwa sababu ya kipande kilichoning'inia shingoni. Lakini watu wenyewe, pamoja na akina mama na watoto, hapana. Marekani walianza sensa 1790, na katika kugawa viti vya Bunge kila mtumwa alikuwa tatu kwa tano ya mtu. Hiyo ni aibu. Sisi hata hiyo tatu kwa tano hatukuwa nayo. Na 1948 walipohesabu hatimaye, Waafrika walikuwa zaidi ya milioni tano, Wazungu hawakufika 30,000.

Baada ya uhuru mashamba mengine yakakatwa kuwa skimu za makazi, mengine yakanunuliwa na vikundi vya watu waliochanga pesa. Ndiyo maana leo ukitembea kutoka Milimani hadi Matisi utasikia Kibukusu, Kikuyu, Kinandi, na Kipsongo utakuta familia za Waturkana. Wengine waliletwa mjini na vita, ile ya mapema miaka ya tisini, halafu ile ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008. Hiyo nimeiguza tu, kwa sababu kuna wanaosoma hapa waliopoteza watu.

Na mimi? Usiku wa sensa, tarehe 24 Agosti 2019, ilikuwa likizo. Nilikuwa kwa kukhu, kijijini Bungoma. Baa zilikuwa zimeamriwa zifungwe saa kumi na moja jioni, wajomba wote wako nyumbani wamenuna. Karani akaja na tableti, akauliza nani amelala hapa usiku huu. Sensa yetu inafanya hivyo: unahesabiwa ulipolala. Kukhu akatutaja wajukuu saba, mmoja mmoja, kwa majina ya ukoo, akamfanya karani arudie kila jina mpaka alitamke vizuri.

Kwa hivyo kwenye ile 162,174 ya Kitale mimi simo, na nimeishi hapa tangu nikiwa na miaka mitatu. Niko kwa namba ya Bungoma. Na namba hizo ndizo zinaangaliwa wakigawa pesa za kaunti, kwa hivyo zahanati yangu iko huku na kichwa changu kilihesabiwa kule. Jamaa wa komenti, hapo kidogo ulinipata.

Sensa ijayo ni 2029. Kukhu hayuko tena. Hiyo usiku nitalala Tuwani, na karani akifika nitamtajia jina langu lote.