Historia ya Maji, Sehemu ya 6: Kijiji Kinachovisha Visima Maua

Leo twende Tissington, kijiji kidogo cha Derbyshire, Uingereza.

Pale kuna visima 6, kimojawapo kinaitwa Kisima cha Watoto. Kila mwaka, ikikaribia Sikukuu ya Kupaa Bwana, wanakijiji huvitengenezea picha kubwa za maua. Mbao hulowekwa majini, zikapakwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chumvi ili usikauke haraka. Mchoro huwekwa juu, kisha wazee, vijana na watoto wanabandika petali moja moja, zikilaliana kama vigae vya paa ili mvua iteleze. Maua hayasubiri, kwa hiyo kazi inaenda mpaka usiku. Siku ya sikukuu padri anazunguka kisima hadi kisima akivibariki. Baada ya wiki hivi maua yananyauka, basi, mpaka mwakani.

Kwa nini wanafanya hivyo? Wapo wanaosema ni shukrani kwa kunusurika na tauni ya 1348 na 1349. Mimi kama nesi hapo nasita kidogo, maana tauni ile huenezwa zaidi na viroboto, siyo maji. Wengine wanataja ukame mkali wa 1615, visima vya Tissington vilipoendelea kutoa maji. Hiyo mama yeyote aliyewahi kukaa foleni na ndoo anaielewa.

Kinachonigusa zaidi ni kijiji jirani cha Youlgreave. Mwaka 1829 maji ya bomba yalifika, na watu wakapamba maua kwenye bomba! Walijua baraka siyo kisima tu, ni maji kufika karibu na nyumba.

Lakini jamani, heshima peke yake haisafishi maji. London, 1854, watu walilisifia bomba la mtaa wa Broad Street kwa maji yake matamu. Mtoto mchanga wa nyumba ya jirani akaharisha. Mama yake akafua nepi, maji machafu akayamwaga kwenye shimo la nyumba, nalo likavujia kisimani. Kipindupindu kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow ndiye aliyeshawishi mpini wa pampu uondolewe. Yule mama hakuwa na kosa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ndiyo maana mimi nawaambia. Maji yawe ya kisima, ya bomba au ya kuombewa, mtoto chini ya miezi 6 hapewi, maziwa ya mama yanamtosha. Wakubwa, tuchemshe mpaka yatokote, tufunike. Choo kikae mbali na kisima. Na mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki kama ulivyoelekezwa kliniki, endelea kumnyonyesha. Akilegea, akikataa kunyonya au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho, mlete hospitali.

Kuombea maji ombeeni. Ila yachemsheni pia.